Mgahawa uliokuwa na foleni hadi nje unakufaje bila mtu kuuona ukifa?

mlaji_mkimya

Wakuu, habari za jioni. Swali langu huenda likaonekana la kitoto, ila limenikaa kichwani wiki nzima.

Kulikuwa na mgahawa niliozoea kula kila Ijumaa baada ya kazi. Ulikuwa tawi la kampuni iliyojaa karibu kila njia panda kubwa. Enzi zile ukifika saa moja jioni unakuta foleni imetoka nje ya mlango, unapewa karatasi yenye namba na kuambiwa usubiri. Mimi nilikuwa na meza yangu ya dirishani, yenye mguu mmoja mfupi, na mhudumu alikuwa anakuja na karatasi iliyokunjwa ya kuweka chini ya ule mguu kabla sijamwomba.

Wiki iliyopita nimepita nikakuta pamefungwa. Herufi za jina zimeng'olewa, ila pale zilipokuwa rangi ya ukuta haijapauka, kwa hiyo jina bado linasomeka vizuri tu. Nikaanza kutafuta matawi mengine. Hakuna hata moja. Kumbe yamekuwa yakifungwa moja moja kwa miaka, na mimi niliyekuwa najiita mteja wa kudumu sikujua.

Je, kitu kilichopendwa na watu wengi hivyo kinapoteaje? Chakula kilibadilika? Ni sisi tulioacha kwenda? Nakiri, nami nilikuwa sijaingia mle karibu miaka miwili. Rafiki yangu ananiambia "watu walichoka tu, basi". Sitaki kuamini kwamba jibu ni jepesi kiasi hicho. Mwenye uzoefu anisaidie.

jikoni_miaka_tisa

Pole dada. Mimi nilipika katika kampuni ya aina hiyo, na nayo haipo tena. Mteja haoni, lakini aliye jikoni anajua mapema sana.

Angalia menyu. Nilipoanza ilikuwa ukurasa mmoja. Nilipoondoka ilikuwa kama kitabu cha shule, na picha ndani. Kila mauzo yaliposhuka, makao makuu walileta vyakula vipya sita, na vile vya zamani havikuondolewa. Wao wanaona jina jipya kwenye karatasi. Sisi tunaona sosi nyingine ya kutafutia nafasi kwenye jokofu, kontena jingine la kuandika tarehe, na oda moja inayosimamisha nyingine nne. Vyakula ishirini unavipika. Vyakula mia moja na ishirini unafungua pakiti.

Halafu matengenezo. Feni ya kutoa moshi ilikufa, tukaambiwa fundi anakuja. Tulipika na milango wazi miezi mitatu. Fundi alikuja kweli, akatazama, akauliza nani atamlipa, akaondoka.

Na meneja mzuri akiacha kazi, msimamizi wa zamu anapewa funguo na kuambiwa "shikilia kidogo". Alishikilia mwaka na nusu kwa mshahara uleule.

msaidizi_wa_mfilisi

Dada mlaji, mimi ni mtu mzima, nimestaafu. Kwa miaka ishirini na mbili nilifanya kazi katika ofisi ya mfilisi. Kampuni ikishindwa kulipa madeni, sisi ndio tunaoingia asubuhi yake na daftari. Nimehesabu viti, vijiko, sufuria, na mafriza yaliyojaa nyama ambayo hakuna aliyejua sasa ni ya nani. Migahawa niliyoihesabu inapita arobaini. Majina yake sitayataja, maana watu wake wapo hai na wana aibu zao. Nitatumia mifano ambayo hesabu zake ziliwekwa hadharani.

Jambo lililonishangaza tangu mwanzo ni hili: mara nyingi sana jikoni palikuwa safi kuliko ofisini. Mpishi amefuta majiko yake usiku wa mwisho, kapanga visu. Ofisini unakuta barua za mwenye jengo hazijafunguliwa, zimefungwa mpira.

Kijana wa jikoni hapo juu amesema kweli tupu, lakini anayoyasimulia ni homa, ugonjwa wenyewe uko nyuma yake. Chakula kibaya kinaweza kuua mgahawa mmoja. Kampuni yenye matawi mia tano, mimi kwanza nauliza: fedha yao walikuwa wanaipata wapi? Ikiwa jibu ni "kwenye sahani", hata wakiyumba wana nafuu. Ikiwa ni kwingine kokote, foleni ya mlangoni haikuambii chochote.

Chukua Boston Chicken, ambayo baadaye ilijiita Boston Market. Ilianza mwaka 1985 katika mji wa Newton, Massachusetts, huko Marekani, duka la kuku wa kuokwa. Kuku mzuri, watu wakampenda. Miaka michache baadaye wakaingia wakubwa wapya ambao walikuwa wametoka kwenye biashara ya kukodisha kanda za video, na mwaka 1993 wakaipeleka kampuni kwenye soko la hisa. Siku ya kwanza tu hisa ilipanda zaidi ya mara mbili ya bei iliyotolewa. Hapo ndipo mimi ningeanza kunoa penseli.

Walifanya hivi. Kampuni mama haikufungua matawi mengi yenyewe. Ilitafuta watu wa kuyafungua eneo kwa eneo, na watu hao ikawakopesha sehemu kubwa ya mtaji. Wao kwa fedha hiyohiyo wakawa wanailipa kampuni mama ada ya kufungua, mrabaha wa kutumia jina, na riba ya mkopo. Kampuni mama ikaandika yote hayo kuwa mapato. Vitabu vyake viling'aa. Hasara ya kuendesha migahawa, yaani kodi ya pango, mishahara, kuku aliyebaki jioni, ilikaa kwenye vitabu vya wale wa maeneo, na kwa kuwa wao kisheria walikuwa kampuni nyingine, mwekezaji aliyesoma ukurasa wa mbele hakuiona. Unampa mtu shilingi akurudishie senti kumi, kisha unaandika umepata senti kumi.

Mashine ya namna hiyo inataka kulishwa matawi mapya bila kusimama. Walivuka matawi elfu moja. Oktoba 1998 wakakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. McDonald's wakainunua mwaka 2000, nao wakaja kuiuza, na imekuwa ikipita mikononi mwa watu tangu hapo hadi ikabaki matawi ya kuhesabika. Dada, katika habari hii yote hebu nionyeshe mahali ambapo kuku alikuwa mbaya.

Mfano wa pili, Red Lobster, migahawa ya Marekani ya vyakula vya baharini. Hii haijafa, lakini mwaka 2024 ilifika mlangoni kwetu, kwa maana ya mlangoni mwa wafilisi. Ilianzishwa na Bill Darden huko Lakeland, Florida, mwaka 1968. Watu wengi walisikia kwamba iliangushwa na kamba, wale wa baharini wanaoliwa. Habari tamu: Juni 2023 waliufanya ule mlo wa kula kamba bila kikomo kwa dola 20 kuwa wa kila siku, wakati zamani ulikuwa wa msimu tu, watu wakala kwelikweli, na katika robo moja ya mwaka kampuni ikaandika hasara ya dola milioni 11. Watu wakacheka. Mwenye hisa mkubwa wakati huo ni Thai Union, kampuni ya Thailand inayouza samaki na, naam, kamba.

Lakini rudi nyuma hadi 2014. Mwaka huo kampuni ya uwekezaji, Golden Gate Capital, iliinunua Red Lobster kwa dola bilioni 2.1. Ili kulipia, viwanja na majengo ya mamia ya matawi viliuzwa kwa kama dola bilioni 1.5, kisha Red Lobster ikakodishiwa majengo yaleyale. Jana unapika ndani ya jengo lako, leo wewe ni mpangaji, na mkataba ni wa miaka mingi, na kodi inapanda iwe umeuza au hukuuza. Walipofika mahakamani karatasi zao zilionyesha kwamba mwaka 2023 pango peke yake lilikuwa zaidi ya dola milioni 190. Weka hizo karibu na milioni 11 za kamba, halafu niambie nani alikula zaidi.

Mgahawa unaomiliki paa lake unaweza kupita mwaka mbaya ukiwa umefunga mkanda. Mwenye kupanga hana mwaka mbaya; ana tarehe moja ya kila mwezi.

Kuhusu kutokuona, hilo usijilaumu. Kampuni haina sababu ya kukutangazia. Tarehe 29 Julai 2008 kampuni yenye migahawa ya Bennigan's na Steak and Ale huko Marekani iliingia moja kwa moja kwenye ufilisi wa kufunga kabisa, na wako wafanyakazi waliojua walipofika kazini wakakuta mlango umefungwa. Steak and Ale hiyo ndiyo iliyoanzishwa na Norman Brinker mwaka 1966, mtu aliyeheshimika sana katika biashara hii. Kama wenye aproni hawakuambiwa, wewe wa Ijumaa ungeambiwa na nani?

sahani_ya_pili

Mzee, shikamoo. Nakuheshimu, lakini naona umevaa miwani ya kazi yako. Mtu aliyehesabu madeni miaka ishirini na mbili, kila maiti ataona imekufa kwa deni.

Mimi nimesoma sana habari za Horn & Hardart, wale wa Automat. Walianza Philadelphia, na mwaka 1902 wakafungua ukumbi ambao ukuta wake ulikuwa visanduku vya vioo. Unatia sarafu, unazungusha kitasa, unafungua kijidirisha, unachukua chakula chako. Mashine zilitoka Berlin. Mwaka 1912 wakaingia New York, Times Square. Kahawa ilitoka kwenye mdomo wa sanamu ya pomboo, na kikombe kilikuwa senti 5. Miaka hiyo yote, vita vikapita, mdororo ukapita, senti 5.

Sasa tatizo: sarafu iliyoingia kwenye kile kitundu ni ya senti 5 tu. Kahawa ilipopanda bei hawakuweza kusema leo ni senti 6 au 7. Mwaka 1950 wakaruka hadi senti 10, mara mbili kwa siku moja. Watu waliona wamesalitiwa! Halafu watu wakahamia vitongoji vya nje, jioni katikati ya mji pakawa hapana mtu, na mashine iliyowashangaza babu zao ikawa kitu cha makumbusho. Miaka ya 1970 kampuni yenyewe ikaanza kugeuza kumbi zake kuwa Burger King. Automat ya mwisho, mtaa wa 42 na Barabara ya Tatu, ilifungwa Aprili 1991. Huoni hapo ulaghai wa vitabu. Nyakati zilipita tu.

Na Howard Johnson's je? Paa la rangi ya chungwa, aiskrimu ladha 28, kila barabara kuu ya Marekani. Zaidi ya migahawa 1,000 miaka ya 1970. Ilikuwa mgahawa wa msafiri wa gari. Ikaja shida ya mafuta ya 1973, magari yakakaa nyumbani, na walioendelea kusafiri wakazoea kula kwa dakika tano kwenye McDonald's. Yule rafiki wa dada mlaji hakukosea sana: watu walichoka.

Na Chi-Chi's, migahawa ya Marekani ya chakula cha Kimeksiko? Mwaka 2003, tawi lao moja karibu na Pittsburgh, vitunguu vya majani vilivyotoka Meksiko vilibeba homa ya ini aina ya A. Zaidi ya watu 600 waliugua, wasiopungua watatu wakafa. Mwaka uliofuata kampuni haipo. Hapo ni chakula au si chakula?

msaidizi_wa_mfilisi

Marahaba mwanangu. Umenipiga pazuri, acha nijibu kuanzia mwisho.

Chi-Chi's: watu walianza kuugua Oktoba, na habari ikalipuka Novemba 2003. Kampuni ilikuwa tayari imeomba kinga ya ufilisi mwanzoni mwa Oktoba, kabla mtu yeyote hajajua kuna ugonjwa. Kampuni yenyewe ilikuwa mgonjwa, kitandani tayari. Vile vitunguu viliimalizia. Msiba wa wale watu ni mkubwa na sitaki kuufanyia hoja, ila kwa tarehe, ndivyo ilivyokuwa.

Howard Johnson's nakupa nusu. Barabara na mafuta ni kweli. Lakini jiulize, wakati wa Vita vya Pili mafuta yalikuwa ya mgao na magari yalilala vilevile. Kufikia mwaka 1944 ilibaki migahawa 12 tu. Kumi na mbili! Na baada ya vita ikafufuka ikawa kubwa kuliko mwanzo. Kwa nini ilifufuka mara ile na mara hii isifufuke? Mara ile mwenyewe alikuwepo. Howard Deering Johnson, aliyeanzia kwenye duka la dawa huko Quincy mwaka 1925, duka lenye deni, akaokolewa na aiskrimu yenye mafuta mengi kuliko ya wenzake. Yule mzee alikuwa akienda kwenye migahawa bila taarifa na kuonja. Mwaka 1960 kampuni ikawachukua Pierre Franey na Jacques Pépin, wapishi wa Kifaransa kutoka moja ya migahawa ya ghali kabisa New York, ili waboreshe chakula cha watu wa kawaida. Pépin alikataa kazi ya kupika Ikulu ya Marekani, ya Kennedy, akaenda huko kwenye paa la chungwa. Nikiisoma habari hiyo hucheka peke yangu.

Kisha uongozi ukawa wa mwanawe, ambaye jicho lake lilikuwa kwenye gharama. Chakula kikakatwakatwa polepole. Mwaka 1979 familia ikakubali kuuza kwa Imperial Group ya Uingereza kwa zaidi ya dola milioni 600. Mwaka 1985 hao Waingereza wakaiuza kwa Marriott kwa karibu nusu ya fedha hiyo, na Marriott walichotaka ni viwanja vya kando ya barabara. Ukinunuliwa kwa ajili ya ardhi iliyo chini ya meza zako, hata upike nini haikusaidii. Mgahawa wa mwisho wenye jina hilo, Lake George, New York, ulifungwa mwaka 2022.

Automat nakupa yote. Sina la kusema. Sarafu ya senti 5 iliwajenga na ndiyo iliyowafunga mikono. Hiyo nayo si habari ya chakula, lakini si ya deni pia, na nimekuwa nikiifikiria tangu ulipoandika.

Nikuongezee moja unayoweza kuipenda. J. Lyons wa London. Duka la chai la kwanza Piccadilly mwaka 1894, baadaye kumbi za Corner House zenye ghorofa kadhaa na bendi za muziki ndani, na wahudumu wa kike wenye kofia nyeupe walioitwa Nippy. Hesabu zao za vikombe na maandazi zilikuwa nyingi mno, wakajenga kompyuta yao wenyewe. Ndiyo, kampuni ya chai. Waliiita LEO, ikaanza kazi mwaka 1951, kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za kawaida za ofisi ya biashara, na kazi yake ya kwanza ilikuwa hesabu za kiwanda cha mikate. Walijua kila andazi lilipokwenda. Lakini miaka ya 1970 walikopa fedha za kigeni kununua kampuni nyingine, pauni ikaanguka, deni likavimba bila wao kukopa hata senti ya ziada. Corner House ya mwisho ilifungwa 1977, na mwaka uliofuata kampuni ikanunuliwa na watengeneza bia. Watu waliohesabu kila andazi!

abiria_wa_usiku

Naongeza dogo tu. Hao wa Lyons ndio walioleta Wimpy Uingereza mwaka 1954, kaunta ndani ya Corner House ya Coventry Street. Wimpy yenyewe ilizaliwa Bloomington, Indiana, miaka ya 1930, na baada ya mwanzilishi wake Edward Gold kufariki ikafutika kabisa Marekani. Kwao haipo. Afrika Kusini ipo tele hadi leo, na kampuni ya huko, Famous Brands, mwaka 2007 ilinunua hata ile ya Uingereza. Mtoto amemlea mzazi.

Kenny Rogers Roasters vilevile. Ilianza 1991, ya yule mwimbaji pamoja na John Y. Brown aliyewahi kuongoza KFC. Marekani ilifilisika 1998 na sasa hakuna. Wenye jina ni Berjaya wa Malaysia, na huko na Ufilipino unakula kuku wake bila shida. Kwa hiyo dada, kabla hujalia, ulizia ng'ambo. Pengine mgahawa wako umehama tu.

jikoni_miaka_tisa

Mzee, naomba kuuliza. Ulipokuwa unaingia na daftari lako, sisi wa jikoni tulikuwa fungu la ngapi? Mimi mshahara wa mwezi wa mwisho sikuuona, na likizo zangu zote ziliyeyuka.

msaidizi_wa_mfilisi

Pole sana mwanangu. Kwa sheria za nchi nyingi mshahara una kipaumbele, lakini una kiwango chake na muda wake, na mbele yake kuna benki iliyoshikilia mali kama dhamana. Tukimaliza kumpa wa dhamana, na gharama za ufilisi wenyewe, yaani pamoja na mimi na penseli yangu, mara nyingi kilichobaki ni viti. Viti vya mgahawa vilivyotumika havina bei. Nimewahi kuona viti mia mbili vikinunuliwa na mtu mmoja kwa fedha ambayo haingetosha kununua viti kumi vipya, na akaomba apunguziwe.

Niliyaandika majina ya wafanyakazi kwa mkono wangu, kila mara. Wengi walikuwa wanasimama nje asubuhi ile, wengine wamevaa sare, wanauliza kama waingie kuchukua viatu vyao. Kwenye kazi ile hilo ndilo sikulizoea.

mlaji_mkimya

Asanteni sana wote. Nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Mzee, nina swali la mwisho la kijinga. Zile herufi za jina zilizong'olewa ukutani, nazo zinauzwa?

msaidizi_wa_mfilisi

Si la kijinga. Herufi zenyewe ni bati na plastiki, huenda kwa wanaonunua vyuma chakavu, isipokuwa atokee mtu mwenye mapenzi kama wewe siku ya mnada. Linalouzwa kweli ni jina. Liko kwenye faili, limesajiliwa, na mara nyingi ndicho kitu cha mwisho chenye thamani. Howard Johnson bado unaweza kulala ndani yake: hoteli zenye jina hilo zipo, chini ya kampuni ya Wyndham. Aiskrimu haipo. Na kipande cha ule ukuta wa vioo wa Automat ya Philadelphia kilichukuliwa na makumbusho ya Smithsonian, kwa hiyo sahani_ya_pili alipoandika "kitu cha makumbusho" hakutia chumvi.

Kama jina la mgahawa wako limenunuliwa, ipo siku utaliona kwenye pakiti ya vyakula vya kugandishwa. Usinunue kwa haraka. Geuza pakiti usome aliyetengeneza.

mlaji_mkimya

Nilikuwa nimepanga kwenda kulipiga picha lile jina kabla halijapotea. Nimepita leo asubuhi. Wameshapaka rangi.